Somo: Kukokotoa 154^173 kwa kalamu na karatasi

Wanafunzi wengi wa TEHAMA hukwama kwenye RSA, mfumo wa kusimba (kuficha) ujumbe kwa ufunguo wa umma na kuusimbua kwa ufunguo wa siri, hata kama wazo lenyewe wameshalielewa. Wanafika kwenye mstari unaosema "pandisha 154 kwa kipeo cha 173, kisha tafuta baki ukigawanya kwa 247", kikokotoo kinaandika kosa, na daftari linafungwa hapo hapo. Namba hiyo ikiandikwa yote ina tarakimu 379. Hakuna haja ya kuiandika. Leo tutapata baki yake kwa mkono, na hakuna hatua hata moja itakayokupa namba yenye zaidi ya tarakimu tano.

Kanuni inayobeba somo zima ni hii: ukitaka baki ya zao la namba mbili, chukua kwanza baki ya kila moja, zidisha baki hizo, kisha chukua baki tena. Jibu halibadiliki. Kwa mfano 250 × 249 ni 62250, na baki yake kwa 247 ni 6. Njia fupi: 250 inabakiza 3, 249 inabakiza 2, tatu mara mbili ni 6. Kwa hiyo punguza mapema na punguza kila mara, usisubiri mwisho.

Hatua ya 1: Funguo

Chukua namba tasa mbili, 13 na 19. Zao lake ni n = 247. Kisha (13 − 1) × (19 − 1) = 216. Kwa kipeo cha umma, yaani cha kusimbia, nachagua e = 5, kwa sababu Kigawo Kikubwa cha Shirika cha 5 na 216 ni 1.

Ufunguo wa siri d ni namba ambayo ukiizidisha kwa 5 unabakiza 1 kwa 216. Hapa njia ya Euclid inamalizika kwa mstari mmoja: 216 = 43 × 5 + 1. Yaani 5 × (−43) inabakiza 1. Ongeza 216 kwenye −43, unapata d = 173. Hakiki: 5 × 173 = 865, na 865 = 4 × 216 + 1.

Hatua ya 2: Kusimba

Herufi H katika ASCII, jedwali la kompyuta linalopa kila herufi namba yake, ni 72. Tunataka baki ya 72^5 kwa 247.

72^2 = 5184. Ukitoa 20 × 247, yaani 4940, unabaki na 244. Simama hapo kidogo. 244 ni pungufu ya 247 kwa 3 tu, kwa hiyo iandike −3. Hii ndiyo tabia ninayotamani kila mwanafunzi aizoee, maana inaokoa kazi nyingi: 72^4 inakuwa (−3)^2 = 9, na 72^5 ni 9 × 72 = 648, baki 154.

Ujumbe uliosimbwa ni 154. Kuusimbua ni kuupandisha kwa kipeo cha d, yaani kutafuta baki ya 154^173 kwa 247.

Hatua ya 3: Vunja kipeo

Gawanya 173 kwa 2 mfululizo huku ukiandika baki. Ukizisoma kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza unapata 10101101, yaani 173 kwa mfumo wa jozi (0 na 1 tu). Kwa hiyo 173 = 128 + 32 + 8 + 4 + 1.

Hatua ya 4: Kipeo cha pili, tena na tena

Mshale unaonyesha baki kwa 247.

154^2 = 23716 → 4
154^4 → 16
154^8 → 256 → 9
154^16 → 81
154^32 → 6561 → 139
154^64 → 19321 → 55
154^128 → 3025 → 61

Hatua ya 5: Zidisha zinazohitajika tu

61 × 139 = 8479 → 81
81 × 9 = 729 → 235, yaani −12
−12 × 16 = −192 → 55
55 × 154 = 8470 → 72

H imerudi. Tumezidisha mara 11 badala ya mara 172. Kwenye Python andika pow(154, 173, 247) upate jibu lile lile, lakini tafadhali ifanye kwa mkono walau mara moja.

Rivest, Shamir na Adleman walibuni mfumo huu mwaka 1977. Clifford Cocks alikuwa ameufikia mwaka 1973 akiwa GCHQ, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Uingereza, ila kazi yake ilibaki siri hadi 1997.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kwa nini usichague e = 3? Ni ndogo zaidi.

Kwa sababu 216 inagawanyika kwa 3. Zao lolote la 3, ukiligawanya kwa 216, linabakiza kigawe cha 3: 0, 3, 6 na kuendelea. Haliwezi kubakiza 1 kamwe, kwa hiyo d haipo. Utasimba vizuri kabisa, halafu ukose njia ya kusimbua.

Mkuu, 247 si mtu yeyote anaweza kuivunja akapata 13 na 19?

Anaweza, tena kwa dakika chache. Namba hizi ni za kujifunzia. Funguo za biti 2048 zina n yenye tarakimu takriban 617. Mwaka 2020 watafiti waliivunja namba ya majaribio iitwayo RSA-250, yenye tarakimu 250, na ilihitaji kompyuta nyingi kwa muda mrefu. Zaidi ya hapo, usisimbe herufi moja moja kama tulivyofanya: kila H itatoka 154, na msomaji makini atahesabu marudio hadi aupate ujumbe.

Programu yangu ya C inafanya kazi kwa 247, lakini nikiweka namba tasa kubwa inatoa majibu ya ajabu.

Angalia aina ya data. Kwenye int ya biti 32, kikomo ni 2147483647. Baki ikizidi 46340, kipeo chake cha pili kinafurika kabla hujafika kwenye alama ya %. Tumia biti 64, na n isizidi bilioni moja. Kwa namba kubwa zaidi ya hapo tafuta maktaba ya namba kubwa.

Nimejaribu herufi K, yaani 75, kwa njia yako ya hasi. Kwenye C napata −191, mwenzangu kwenye Python anapata 56. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea. 75^2 = 5625 → 191, yaani −56. Kipeo cha nne: 56^2 = 3136 → 172, yaani −75. Kipeo cha tano: −75 × 75 = −5625. Hapo ndipo lugha zinapoachana: alama ya % kwenye C na Java hufuata ishara ya namba inayogawanywa, Python hufuata ishara ya kigawanyo. −191 + 247 = 56. Kwenye C andika ((a % n) + n) % n, mtakubaliana.