Namba ndefu? Ikate vipande vya tarakimu tatu tatu

Kujua kama namba kubwa inagawanyika kwa 2, 3 au 5 hakumsumbui mtu. Kinachotutoa jasho ni 7, 11 na 13, na hizo zote tatu unaweza kuzipima kwa mpigo mmoja.

Chukua 52,316,719. Anzia kulia, toa na kujumlisha kwa zamu: 719 − 316 + 52 = 455. Sasa isahau ile namba ndefu, shughulika na 455 tu. Ni 5 × 7 × 13, kwa hiyo 52,316,719 inagawanyika kwa 7 na kwa 13 bila baki. Kwa 11 haigawanyiki: 455 inabakiza 4, na namba yetu nayo inabakiza 4 hiyo hiyo.

Siri iko kwenye 1001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Elfu moja imepungua moja tu kuifikia, ndiyo maana kila ukivuka kundi la tarakimu tatu alama inageuka.

Ukipata jibu hasi, pima bila ile alama ya kutoa. Ukipata 0, zote tatu zinaigawanya.