Namna ya Kupima Arosto ya Mofini kwa Panya katika Maabara ya Kisumu

Mtafiti chipukizi huwa na haraka ya kushika sindano, ilhali kazi hii huanzia kwenye mizani. Hata mizani yenyewe isiguswe kabla ya kupata kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya inayosimamia utafiti, kwa kuwa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, hudhibitiwa kisheria na mateso ya mnyama yanahitaji sababu nzito.

Panya aliyezoeshwa mofini kwa siku kadhaa haonyeshi utegemezi wake hadi dawa ikatizwe. Ukiacha tu kumpa, arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea dawa na kuikosa, humjia polepole na huendelea kwa siku kadhaa. Ukimdunga naloksoni, ambayo huing'oa mofini kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli inaposhikilia, dalili hulipuka baada ya dakika chache, na nusu saa ya kwanza ndiyo ya kukodolea macho.

Pima uzito kabla tu ya sindano na upime tena muda wa uangalizi unapokwisha, kwani kuhara humpunguza panya haraka. Hesabu mara anazojikung'uta mwili mzima kama mbwa aliyetoka majini, anazojaribu kutoroka na anazokaza tumbo. Kwa kuhara, kugonganisha meno na kope kulegea, andika tu kama dalili ipo au haipo. Mgawanyo huu wa dalili za kuhesabiwa na za kutiwa alama tu ulipangwa na watafiti Gellert na Holtzman mwaka 1978. Ukitumia vipanya, wale wadogo wa maabara badala ya panya wakubwa, hesabu hasa kuruka kwao, na uwaweke katika chombo kirefu cha kioo wasije wakarukia sakafuni.

Joto la Kisumu ndilo adui nisiyemwona akitajwa katika miongozo ya kigeni. Mwezi Februari, stima ikipotea na feni zikazimika, panya mzima kabisa hujitandaza na kujipaka mate ili apoe, naye msaidizi mgeni huandika kwamba ameona arosto. Kwa hiyo weka makundi manne: waliozoeshwa mofini na wasiozoeshwa, kila upande wengine wakidungwa naloksoni na wengine maji ya chumvi, wote katika chumba kimoja na saa ileile. Anayehesabu asijue nani alidungwa nini. Mwenzake atunze orodha ya namba za vizimba mpaka karatasi zote zikusanywe.

Panya atakayepoteza uzito hadi kufikia kikomo kilichowekwa katika kibali aondolewe kwenye jaribio mara moja, hata kama takwimu zake zitabaki pungufu.