Nyumba za kupangisha Tanga: anza na karatasi, tofali baadaye

Tangu ijulikane kwamba bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, litaishia Chongoleani hapa Tanga, wenye mashamba upande ule wanataja bei za mjini. Sibishani nao. Ila mimi mwenye vyumba Makorora na Mikanjuni nakushauri pesa yako ya kwanza uiweke mahali ambapo mpangaji yupo leo, si ambapo anasubiriwa: karibu na stendi ya Kange, Pongwe kwa watu wa kiwanda cha saruji, au mitaa ya Ngamiani. Kiwanja kitupu hakikuletei kodi ya kununulia kingine.

Ukipata nyumba uliyoipenda, omba nakala ya hati kabla ya kuzungumza bei, uende nayo kwa Msajili wa Hati ukafanye upekuzi. Hapo utajua mmiliki ni nani, kama kuna mkopo wa benki juu yake, na miaka iliyobaki, maana hati zetu ni za muda: 33, 66 au 99. Kama eneo halijapimwa, mwone mwenyekiti wa mtaa, kisha piga hodi kwa majirani wa pande zote nne.

Ngamiani kuna jambo la kuangalia zaidi. Nyumba nyingi kule ni za mirathi. Anayeuza atakwambia, "Hii ya marehemu baba, mimi ndiye mkubwa." Ukubwa hautoshi. Dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi na saini za warithi wote, hata za shangazi aliyeolewa Muheza, kwa sababu huyo ndiye atakayekuja siku umeshapiga bati. Na kama muuzaji ana mke au mume, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Mwite huyo mwenza asaini mbele ya wakili.

Nyumba ya pili usiijenge kuanzia msingi kama unaweza kupata boma, yaani kuta ambazo hazijaezekwa, la mtu aliyeishiwa pesa. Lizunguke asubuhi kukiwa na mwanga: tazama nyufa kwenye pembe za madirisha na juu ya linta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kwaruza plasta kwa ufunguo. Ikimwagika kama unga, na ukuta una madoa meupe ya chumvi, huenda lilijengwa kwa mchanga wa bahari. Chumvi hiyo inakula nondo. Liache, hata liwe rahisi vipi. Viwanja vya ufukweni navyo vina mpaka wake: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya meta 60 kutoka baharini.

Pesa ya kukuza inatoka kwenye kodi yenyewe. Tuseme una vyumba vinne vya shilingi 60,000 kwa mwezi. Wakilipa miezi sita kwa mkupuo, umeshika 1,440,000. Siku hiyo hiyo, kabla haijafika nyumbani, tenga ya serikali, tenga ya ukarabati (mimi naweka humusi, yaani moja ya tano), na iliyobaki iende akaunti ambayo haijui arusi wala Idi. Ndiyo itakayonunua milango na bati za lile boma. Maliza vyumba viwili, weka wapangaji, kodi yao imalizie vilivyobaki. Mkopo wa SACCOS uchukue kwa kumalizia tu, kamwe si kwa kuanzia.

Kila mpangaji awe na mkataba wa maandishi na mita yake ya umeme. Mita ya pamoja inagombanisha watu waliokuwa wakipikiana futari. Kumbuka pia kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu 2021, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Deni hilo ni lako wewe mwenye nyumba. Liandike kwenye mkataba, umrudishie mpangaji wako kila anapolipa kodi ya pango, na kama jengo lina mita kadhaa toa taarifa ili ikatwe mita moja tu.