Seli ya kitunguu inavyojimaliza: jaribio la haidrojeni peroksaidi

Seli ya mmea ikizidiwa na haidrojeni peroksaidi hufa papo hapo, kama iliyomwagiwa maji ya moto. Ikipata kiasi, huipokea kama ishara: mitokondria (viwanda vya nishati ndani ya seli) huvujisha protini iitwayo saitokromu c, vimeng'enya vinavyokata protini huamka, na seli hujimaliza kwa utaratibu. Kutambua zilizokufa, seli hutiwa rangi ya bluu ambayo seli hai huizuia; wanafunzi wengi wakiona bluu tu huandika "kifo kilichopangwa", yaani kujimaliza huko. Bluu peke yake haisemi hivyo.

Hatua ya 1. Soma lebo ya chupa uliyonunua duka la dawa. Vipimo hivi ni vya asilimia 3. Kama ni 6, tumia nusu. Kwa bomba la sindano pima mililita 0.6, 2.3 na 11.3, kila kimoja ujazie maji yaliyokenekwa hadi mililita 100. Utapata takriban milimola 5, 20 na 100 kwa lita. Changanya siku hiyohiyo, maana mwanga huivunja.

Hatua ya 2. Kata gamba la kitunguu maji vipande vya sentimita moja kwa wembe, ubandue ngozi nyembamba ya upande wa ndani kwa kibano. Ikijikunja, ielee majini ijinyooshe yenyewe. Ukiivuta, seli zinapasuka na kukupa bluu ya uongo. Ipumzishe dakika 30, kwa sababu jeraha lenyewe huifanya seli itoe peroksaidi.

Hatua ya 3. Weka vipande kwenye viwango vyote vitatu na kimoja kwenye maji matupu. Kingine kitie kwenye maji ya nyuzi 85 kwa dakika 10. Cha mwisho kiloweke saa moja kwenye asidi askobiki, yaani vitamini C, inayozuia uoksidishaji (gramu 0.18 na sodiamu bikaboneti gramu 0.08 katika mililita 100), ukioshe, ndipo kiingie kwenye milimola 20. Kagua baada ya saa 2, 6 na 24.

Hatua ya 4. Vaa glavu. Rangi ya bluu ya Evans, asilimia 0.25, dakika 10. Osha mpaka maji yatoke bila rangi.

Hatua ya 5. Hapa usiharakishe hadubini. Seli hai haina bluu, kwani utando wake unaizuia. Iliyochomwa na maji ya moto ni bluu, lakini vilivyomo bado vimegusa ukuta pande zote. Iliyojimaliza ni bluu na imenywea: utaona mwanya mweupe kati ya ukuta na donge lililojikunyata. Chumvi nayo hunyweza seli, ila iliyo hai haitashika rangi. Kwa hiyo tafuta dalili zote mbili kwenye seli moja. Hesabu seli 100 katika sehemu tatu, mbali na kingo.

Kisha linganisha na kipande cha askobiki. Kama seli za bluu ni chache kuliko za milimola 20 bila askobiki, una sababu ya kuulaumu uoksidishaji. Kama hata milimola 5 imeua zote, bandua ngozi upya kwa mkono mwepesi zaidi.