Jinsi ya kulinganisha kampuni za simu kwa mzigo, mauzo na faida, hatua kwa hatua

Januari 2024 ilipotoka habari kwamba Apple imeipita Samsung, nilipigiwa simu na wateja watatu asubuhi moja, wote wafanyabiashara wa simu pale Aggrey, Kariakoo, na wote swali lao moja: sasa tupunguze Samsung? Nikawaambia subirini kwanza. Hesabu za mwaka 2023 za IDC, kampuni ya utafiti wa soko, zilikuwa hivi: Apple simu milioni 234.6, Samsung milioni 226.6. Tofauti ni milioni 8 tu kwenye soko la simu janja bilioni 1.17 dunia nzima. Samsung ilikuwa imekaa hapo juu tangu 2011, kwa hiyo ni habari kubwa kweli, lakini hiyo namba peke yake haikwambii nani anatengeneza hela na wala haikwambii ulete mzigo gani.

Kazi yangu ni kuandaa hesabu za soko kwa watu wa jumla, wanaotoa hela yao mfukoni kununua maboksi, na njia ninayotumia nitaiandika hapa yote. Unahitaji laptopu, Excel au sheeti yoyote ya bure, na jioni mbili zenye utulivu. Tutatumia mwaka 2023 na kampuni nne: Apple, Samsung, Xiaomi na Transsion.

Hatua ya 1: Jua unampima nani

Usianze na namba, anza na majina. Watu wanabishana Tecno na Infinix nani zaidi, wakati zote pamoja na itel ni za Transsion ya Shenzhen, hela inaingia kapu moja. Redmi na POCO ni Xiaomi. OnePlus siku hizi inahesabiwa ndani ya OPPO. Honor ilikuwa ya Huawei mpaka ilipouzwa Novemba 2020, kwa hiyo ukichora grafu ya Huawei kuanzia 2019 mpaka 2022 bila kujua hilo utashangaa simu zimeenda wapi, kumbe mojawapo ya sababu ni kwamba kuna mtoto amehamia nyumba nyingine. Kwenye sheeti yako weka kolamu ya kwanza jina la kampuni, ya pili brandi zake zote.

Hatua ya 2: Tenganisha simu janja na viswaswadu (simu za batani)

Hapa Transsion inawachanganya wengi. Ripoti yao ya mwaka 2023 inasema walitoa simu kama milioni 194. IDC inawapa milioni 94.9. Hakuna aliyedanganya: IDC pale wamehesabu simu janja tu, ripoti ya kampuni imejumlisha na simu za batani, na sisi wa huku tunajua kabisa simu za batani bado zinatoka kila siku kwa mafungu. Ukichukua 194 ukailinganisha na 234.6 ya Apple utasema Transsion inakaribia kumfikia Apple, na utakuwa umelinganisha embe na ndizi. Kila namba unayoandika, andika pembeni yake imehesabu nini.

Hatua ya 3: Mzigo uliotoka sio simu iliyouzwa

Hii hatua naomba uisome taratibu, maana ndo iliyomla hela mtu wangu wa karibu.

Hizo namba zinazotangazwa kila robo mwaka, nyingi ni za mzigo uliotoka kwa kampuni kwenda kwa mawakala, mitandao ya simu na maduka makubwa. Kampuni ikishakabidhi boksi kwa wakala, kwao imeshahesabika, hata kama hilo boksi litakaa stoo miezi minne. Simu iliyofika mkononi kwa mteja wa mwisho ni hesabu nyingine kabisa, na mara nyingi inachelewa. Miaka kadhaa nyuma nilimshauri ndugu mmoja alete brandi fulani kwa sababu ripoti ilionyesha mzigo wake umepanda kwa kasi Afrika, akaweka mtaji wa maana, kumbe mawakala wakubwa walikuwa wamejaza stoo na simu hazitembei, baada ya wiki chache wakashusha bei ya jumla ili watoe mzigo na yeye akabaki na maboksi aliyonunua kwa bei ya juu. Ile hasara bado inaniuma, kwa sababu namba niliyompa ilikuwa ya kweli ila niliisoma vibaya.

Mfano ulioandikwa wazi ni BlackBerry. Kwenye robo iliyoishia Agosti 2013 walihesabu mapato ya simu milioni 3.7 tu, wakati wateja wa mwisho walinunua milioni 5.9. Yaani wateja walikuwa wanamalizia mzigo wa zamani uliokuwa umejaa madukani na mpya hautoki. Robo hiyohiyo wakalazimika kufuta thamani ya stoku ya kama dola milioni 934, nyingi ikiwa ni modeli ya Z10. Ukiangalia namba moja tu kati ya hizo mbili huwezi kuona ugonjwa, ukiziweka pamoja unauona palepale.

Kwa hiyo kwenye sheeti fungua kolamu mbili, mzigo uliotoka na zilizofika kwa mteja. Ya pili mara nyingi itabaki tupu, iache tupu hivyohivyo, usijaze kwa kukisia. Kwa soko letu unaweza kuijaza kidogo kwa kuuliza maduka kumi hivi, kila wiki, modeli gani imetoka vipande vingapi. Ni kazi ya miguu lakini hakuna ripoti ya kununua itakayokupa hiyo.

Hatua ya 4: Linganisha kipindi kilekile

Mwaka wa hesabu wa Apple unaisha mwishoni mwa Septemba. Samsung, Xiaomi na Transsion wanafunga Desemba. Ukichukua "mwaka 2023" wa Apple kama ulivyo kwenye ripoti yao, umeingiza Oktoba mpaka Desemba ya 2022 na umeacha ya 2023, na hiyo ndo robo yao ya moto kuliko zote kwa sababu iPhone mpya huwa inatoka Septemba.

Dawa ni kujumlisha robo mwenyewe. Mauzo ya iPhone mwaka 2023 kwa dola bilioni: Januari mpaka Machi 51.3, Aprili mpaka Juni 39.7, Julai mpaka Septemba 43.8, Oktoba mpaka Desemba 69.7. Jumla 204.5. Ripoti ya mwaka wao wa hesabu inasema 200.6. Tofauti ya karibu dola bilioni 4, kwa kukosea kalenda tu! Na angalia pia robo ya Aprili na ile ya mwisho zilivyo mbali, ndo maana mtu akikuletea ushindi wa robo moja mwambie alete robo nne.

Hatua ya 5: Hela iliyoingia, na bei ya wastani

Sasa tunatoka kwenye vipande tunaingia kwenye pesa. Apple tangu Novemba 2018 walitangaza kwamba hawatatoa tena idadi ya iPhone walizouza, kwa hiyo idadi unaitoa IDC na hela unaitoa kwenye ripoti yao: dola bilioni 204.5 gawanya kwa milioni 234.6, unapata kama dola 870 kwa simu.

Xiaomi wao wako wazi zaidi kuliko wote, hapo nawapongeza. Ripoti ya 2023 inakupa mapato ya simu janja yuan bilioni 157.5, idadi milioni 145.6, na bei ya wastani yuan 1,081.7. Kwa wastani wa mwaka ule, dola moja kama yuan 7.08, hiyo ni dola 153 hivi. (IDC wamewapa milioni 145.9, tofauti ndogo kama hiyo ni kawaida, usipoteze usingizi.)

Samsung ni ngumu kidogo, kwa sababu kitengo chao cha simu kimechanganywa na tableti, saa na mitambo ya mitandao. Kitengo kizima 2023 kiliingiza won trilioni 112.4, ukigeuza kwa dola moja won 1,305 ni kama dola bilioni 86. Gawanya kwa simu milioni 226.6 unapata dola 380, lakini hiyo iandike kama dari, sio bei halisi, maana ndani yake kuna vitu ambavyo sio simu. Transsion hivyohivyo: mapato yote yuan bilioni 62.3, simu zote milioni 194 pamoja na za batani, dari inakuja yuan 321, kama dola 45. Mtu anayeuza itel hapa mjini hatashangaa hiyo namba.

Hatua ya 6: Faida, na hapa ndo watu wengi wanaanguka

Kuna faida za aina tatu. Faida ghafi ni mauzo ukitoa gharama ya kutengeneza hiyo simu. Faida ya uendeshaji ni hiyo ukitoa tena mishahara, matangazo, utafiti. Faida halisi ni kinachobaki baada ya kodi na riba. Usichukue ghafi ya huyu ukaiweka kando na halisi ya yule, ni sawa na kulinganisha mauzo ya duka la jirani na kilichobaki kwako baada ya kulipa pango.

Kosa la pili ni kuchukua faida ya kampuni nzima. Samsung Electronics 2023 nzima ilipata faida ya uendeshaji won trilioni 6.57, mwaka mbaya mno kwao, na mtu akiiona anasema simu zimewaangusha. Sio kweli. Kitengo cha simu kilipata trilioni 13, chipu ndo zilipata hasara ya karibu trilioni 14.9. Simu ndo zilizobeba nyumba mwaka ule! Trilioni 13 ni kama dola bilioni 10, au dola 44 kwa kila simu ukihesabu kwa ukarimu.

Apple hawatoi faida ya iPhone peke yake. Wanachotoa ni kiwango cha faida ghafi ya bidhaa zote, mwaka wao wa 2023 kilikuwa asilimia 36.5. Ukikitumia kwenye 204.5 unapata kama dola bilioni 75, makadirio hayo, yaandike kwa rangi tofauti. Xiaomi wanakupa cha simu janja moja kwa moja, asilimia 14.6, kwa hiyo yuan bilioni 157.5 inazaa faida ghafi kama yuan bilioni 23, dola bilioni 3.2.

Sasa weka Apple na Xiaomi pamoja, ghafi kwa ghafi, uone kitu ambacho mimi kila mwaka nikikirudia bado kinanishika. Kwa idadi ya simu Apple ni mara 1.6 ya Xiaomi. Kwa hela iliyoingia ni mara 9. Kwa faida ghafi ni mara 23. Kampuni mbili zilezile, mwaka uleule, umbali unategemea umesimama kolamu gani. Kwa hiyo anayekwambia "Xiaomi yuko nyuma kidogo tu" na anayekwambia "Xiaomi hamgusi Apple kabisa" wote wanaweza kuwa na namba sahihi mkononi.

Transsion faida halisi ilikuwa yuan bilioni 5.5, ukigawa kwa simu milioni 194 ni kama dola 4 kwa simu. Dola nne! Ikipanda bei ya memori au usafiri wa meli, nafasi ya kuvumilia ni ndogo sana, na sisi ndo tunaipokea kwenye bei ya jumla.

Hatua ya 7: Angalia hela nyingine inayoingia kupitia simu

Simu ya bei rahisi mara nyingi ni mlango tu. Xiaomi 2023 waliingiza yuan bilioni 30.1 kwenye huduma za intaneti, matangazo na michezo humo, kwa faida ghafi ya asilimia 74.2, yaani kama bilioni 22. Linganisha na bilioni 23 ya simu zenyewe. Zinakaribia kulingana! Mwanzilishi wao Lei Jun aliahidi hadharani 2018 kwamba faida halisi ya vifaa haitazidi asilimia 5, na ukiona hizi namba unaelewa kwa nini anaweza kuahidi hivyo, na kwa nini simu yako inakuletea matangazo mpaka kwenye programu ya kusafisha mafaili. Weka kolamu ya mwisho, hela ya baada ya kuuza.

Hatua ya 8: Rudia kwa mwaka unaofuata

Sheeti ya mwaka mmoja ni picha, ukiweka wa pili unaona mtu anatembea kwenda wapi. Jaribu na 2024. IDC: Apple 232.1, Samsung 223.4, Xiaomi 168.5, Transsion 106.9, zote milioni. Kwa mzigo unaona wawili wa juu wanashuka kidogo na wawili wa chini wanapanda kwa nguvu, na magazeti yakaandika hivyo. Sasa ingia kolamu ya faida: Xiaomi mapato ya simu yuan bilioni 191.8, kiwango cha faida ghafi kimeshuka mpaka asilimia 12.6, kwa hiyo ghafi ni kama bilioni 24.2. Simu karibu milioni 23 zimeongezeka, faida ghafi imeongezeka bilioni 1.2 hivi, ambayo ni yuan 50 na kitu kwa kila simu ya nyongeza, wakati mwaka uliotangulia kila simu ilikuwa inatoa 158. Samsung nao, mapato ya kitengo cha simu yalipanda kuzidi trilioni 117 ila faida ikashuka chini ya trilioni 11.

Wale wateja wangu watatu nilipowaonyesha hii, wawili hawakupunguza Samsung hata boksi moja, wa tatu akapunguza zile modeli za bei ya kati peke yake, baada ya kuzunguka maduka kumi na kuona hazitoki. Kolamu ile tupu ya hatua ya 3, yeye ndo alikuwa ameijaza.