Maikrofoni mbili, mahali pamoja

Nina usonji, na masikio yangu hayachagui. Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kelele za mnada wa dagaa, korongo wakigombea matumbo ya samaki na honi za daladala vyote huniingia kwa nguvu ileile. Nilianza kuvaa hedifoni ili nipumue. Kunasa sauti kulikuja baadaye.

Mara ya kwanza nilinasa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe. Nikasimika maikrofoni mbili, kushoto na kulia, hatua mbili kati yake. Kwenye hedifoni ilinoga. Mjomba akaicheza kwenye simu yake yenye spika moja, akaniuliza, "We mpwa wangu, ngoma umeiacha wapi?" Kweli, ile kubwa ilikuwa imenywea. Sauti ilifika maikrofoni moja mapema kuliko nyingine, na mawimbi yalipochanganywa pamoja yakaanza kulana.

Dawa ni ya zamani. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI, kampuni ya santuri huko Uingereza, aliiombea hataza (haki ya mvumbuzi) Desemba 1931: maikrofoni zote mbili zikae mahali pamoja, zielekee pembe tofauti. Hapo sauti inazifikia kwa wakati mmoja, inapishana ukubwa tu. Yeye alitumia zinazosikia mbele na nyuma. Kwetu sizipendekezi, zitakuletea na honi za nyuma. Tumia zinazosikia zaidi mbele.

Chukua mbili za aina moja. Weka moja juu ya nyingine, vichwa vikikaribia kugusana, pembe ya nyuzi 90 kati yake. Ukiona kikundi kimejibana katikati, fungua hadi 110.

Kibano cha maikrofoni cha dukani kilinishinda bei. Nilikunja spoku mbili za baiskeli, nikakata kandambili chakavu na kuitoboa matundu mawili, maikrofoni zikaingia humo kwa kubana. Tundu liwe dogo kuliko maikrofoni. Langu la kwanza lilikuwa kubwa, nikaokota maikrofoni mchangani. Raba hiyo inameza mtetemo wachezaji wanapokanyaga ardhi, na hadi leo sijaibadilisha.

Zivishe maikrofoni sponji. Upepo wa ziwani huamka mchana, kwa hiyo mimi huwahi asubuhi. Waombe wapiga ngoma wapige kwa nguvu zao zote, ndipo upange kiwango: kipimo cha sauti kwenye kinasa sauti kisivuke desibeli -12. Usiwaamini wakisema "tutapiga hivihivi". Wakipandisha mori watazidisha.

Kabla hawajaanza, mtu mmoja atembee mbele ya maikrofoni kutoka kushoto kwenda kulia akiongea. Blumlein naye mwaka 1935 alipiga filamu za majaribio za watu wakitembea na kuzungumza. Ukifumba macho, umfuate kwa masikio. Akikwenda kinyume, umechomeka kebo ya kushoto mahali pa ile ya kulia.

Mwisho, icheze kwenye simu ya spika moja. Ngoma kubwa ikibaki nzito, funga mzigo.