Jinsi ya Kujadili Mkataba wa Kaboni kwenye Ardhi ya Jamii

Kabla hamjatia saini mkataba wa kaboni, yaani makubaliano ya kulipwa kwa kutunza ardhi ili udongo na mimea yake ihifadhi kaboni inayochangia joto duniani, ninyi wafugaji wa Kenya, hakikisheni kwamba ardhi yenu imesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kisha itisheni mkutano mkuu wa jamii, kwa kuwa ridhaa huhitaji thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima, wanawake na vijana wakiwemo. Kifungu cha malisho katika mkataba kisomeni neno kwa neno: kikizuia mifugo kuhamia malisho ya akiba wakati wa kiangazi, kikataeni, kwani hakuna malipo yatakayofidia kundi lililokufa. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa kaboni ya mwaka uliotangulia, gharama za uendeshaji zikishatolewa. Kwa hiyo daini hesabu za gharama hizo kila mwaka.